Mpiga Piano na Ngoma ya Uwanjani: Somo la Tango kwa Pwani ya Kusini

Mwaka 2009, kamati ya UNESCO inayoshughulikia urithi wa kitamaduni usioshikika ilifanya kikao chake mjini Abu Dhabi. Katika kikao hicho kimoja kulipitishwa mambo mawili ambayo, kwa mtazamo wa kwanza, hayana udugu wowote. La kwanza lilihusu tango, muziki na dansi ya Argentina na Uruguay, ambayo iliingizwa katika Orodha Wakilishi ya urithi wa binadamu. La pili lilihusu mila na desturi zinazofungamana na misitu ya makaya ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Hizi nazo ziliingizwa katika orodha, lakini orodha nyingine kabisa: ile ya urithi unaohitaji kunusuriwa kwa dharura. Kwa maneno mengine, katika mkutano uleule mmoja alivishwa nishani, na mwingine akalazwa kitandani.

Msomaji wa Kiswahili asikiapo neno tango, huenda fikira zake zikaelekea kwanza kwenye kachumbari. Asilaumiwe. Tango linalokatwa pamoja na nyanya na vitunguu ni la ngeli ya LI-YA. Tango inayozungumziwa hapa ni ya ngeli ya I-ZI, nayo ina nasaba ya Kiafrika kuliko wengi wanavyodhani. Makala haya yanakusudia kuuliza ni kitu gani kilichoinyanyua ngoma ya maskini wa Buenos Aires hata ikafika ilikofika, ilhali ngoma za Diani, Msambweni na Kinango zinazidi kuwa za kuonyeshwa wageni na za kushindaniwa na wanafunzi. Majibu ni mengi, na baadhi yake yatatajwa. Hata hivyo, liko jibu moja ambalo linawahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, nalo ni hili: tango ilipata wasomi walioipenda. Ilipata wapiga piano na walimu wa piano, watu waliofunzwa muziki wa klasiki wa Ulaya, ule unaoandikwa kwa nota na kufundishwa vyuoni, ambao hawakuona haya kuketi na wacheza ngoma. Pwani ya kusini haijakosa ngoma. Imekosa wapenzi wa aina hiyo.

Ni vyema kuanza na asili. Katika sensa ya mwaka 1778, takriban asilimia 30 ya wakazi wa Buenos Aires walikuwa watu weusi na machotara. Wengi walikuwa watumwa au wazao wa watumwa, na vyama walivyoviunda baadaye vilibeba majina ya kwao: Kongo, Benguela, Msumbiji. Jina hili la mwisho linamhusu msomaji wa pwani, kwa kuwa linaonyesha kwamba miongoni mwa waliovushwa kwenda huko walikuwamo watu wa upande huu wa bara. Kwao Shimoni, kusini mwa Msambweni, wenyeji bado humwonyesha mgeni pango ambalo kwa mujibu wa masimulizi liliwahifadhi watumwa wakisubiri majahazi. Si lazima kudai kwamba mtu wa Shimoni ndiye aliyeifikisha ngoma Argentina. Hilo halina ushahidi. Linaloweza kusemwa ni kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 neno tango lilitumiwa huko kutaja mahali watu weusi walipokusanyika kupiga ngoma na kucheza, na kwamba wapo wanaisimu wanaolihusisha neno hilo na lugha za Kibantu, ingawa mjadala huo haujafungwa. Mwaka 2005 Robert Farris Thompson, mtaalamu wa sanaa wa Marekani, alichapisha kitabu kizima kutetea mizizi ya Kikongo ya dansi hiyo. Baadaye wahamiaji maskini kutoka Italia na Hispania walijaa katika mitaa ileile, na kutokana na mchanganyiko huo tango ikazaliwa mwishoni mwa karne ya 19. Watu wa heshima waliikimbia. Ilikuwa ngoma ya vilabu, ya madanguro na ya vichochoro.

Hapo ndipo anapojitokeza mtu wa kwanza wa kukumbukwa katika hoja hii. Rosendo Mendizábal alizaliwa Buenos Aires mwaka 1868 na kufariki mwaka 1913. Alikuwa Mwajentina mwenye asili ya Kiafrika, na kazi yake ilikuwa kufundisha piano. Mchana aliwafunza watoto wa familia zenye uwezo. Usiku alipiga tango katika nyumba za starehe. Mwaka 1897 alitunga kipande kiitwacho El entrerriano, mojawapo ya tango za mwanzo kabisa zilizojipatia umaarufu na kuandikwa kwa jina la mtunzi anayejulikana. Hata hivyo jina lenyewe halikuwa kamili. Alitia sahihi kazi zake kwa jina la A. Rosendo, akilificha lile la ukoo. Mwalimu wa piano hakuweza kuonekana hadharani akiipenda ngoma ya vichochoro bila kuhatarisha riziki yake. Alifariki katika umaskini. Kazi yake bado inapigwa.

Katika sahihi hiyo nusu kuna mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni ujasiri: mtu mwenye elimu ya nota aliitumia elimu hiyo kuandika kile ambacho jamii ya wasomi ilikidharau. La pili ni hofu: alijua kwamba elimu yake na mapenzi yake vilikuwa vimewekwa katika nyumba mbili zisizopikiana. Historia nzima ya tango katika karne ya 20 inaweza kusomwa kama safari ya kuvunja ukuta uliokuwa kati ya nyumba hizo.

Osvaldo Pugliese, aliyezaliwa mwaka 1905, ni mfano wa hatua iliyofuata. Alisoma piano kwa Vicente Scaramuzza, mwalimu mashuhuri wa Buenos Aires ambaye ndiye pia aliyemfunza Martha Argerich, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa muziki wa klasiki duniani. Mwanafunzi mmoja akaelekea kumbi za Ulaya. Mwingine akarudi na vidole vilevile kwenye kumbi za dansi za mtaani. Kipande chake La yumba, kilichorekodiwa mwaka 1946, kimepewa jina linaloiga kishindo cha okestra yake. Ni sadfa tu kwamba katika Kiswahili kuyumba ni kwenda upande huu na upande huu, lakini asikiaye muziki huo hataiona sadfa hiyo kuwa mbaya. Mwaka 1985, Pugliese akiwa na miaka 80, okestra yake ilipiga tango katika Teatro Colón, jumba la opera la Buenos Aires. Ngoma ya vichochoro ilikuwa imeingia kwa mlango wa mbele, na waliobaki nje safari hii walikuwa wale waliokosa nafasi ndani.

Naye Horacio Salgán, aliyezaliwa mwaka 1916 katika familia yenye damu ya Kiafrika, alijifunza piano ya klasiki tangu utotoni. Alikuwa mpigaji, mtunzi na mwalimu. Aliingiza katika tango ufundi wote aliojifunza darasani bila kuiondolea mdundo wa uwanjani, na akaishi hadi mwaka 2016, akiwa ametimiza miaka 100. Mapenzi yake kwa ngoma hiyo hayakuwa ya ujana. Yalikuwa ya maisha.

Lakini kisa chenye funzo kubwa kuliko vyote, hasa kwa wahadhiri, ni kile cha Astor Piazzolla na Nadia Boulanger. Piazzolla, aliyezaliwa mwaka 1921, alikuwa mpigaji wa bandoneoni, kinanda cha kubana na kuvuta kilichobuniwa Ujerumani katika karne ya 19 na ambacho ni ndugu wa akodiani. Alikwisha kuipigia okestra mashuhuri ya tango tangu mwaka 1939, lakini moyoni alitamani kuwa mtunzi wa muziki wa klasiki. Mwaka 1954 alikwenda Paris kwa ufadhili wa masomo, akawa mwanafunzi wa Boulanger, mwalimu aliyeheshimiwa kuliko wote wa zama zake. Alimwonyesha kazi zake za klasiki. Mwalimu akaona kwamba zimeandikwa vizuri, ila hakumwona mwandishi ndani yake. Alimdadisi mpaka mwanafunzi akakiri, kwa aibu, kwamba kwao alikuwa mpiga tango. Akamtaka ampigie mojawapo. Alipomaliza, mwalimu alimwambia kwamba huyo ndiye Piazzolla wa kweli, na kwamba asimwache kamwe.

Inafaa kulitafakari tukio hilo. Boulanger hakuwa mtu wa tango. Alikuwa mlezi wa muziki wa nyumba ile nyingine. Lakini ualimu wake ulikuwa mpana kiasi cha kumwezesha kutambua hazina ambayo mwanafunzi mwenyewe alikuwa akiificha. Ni wahadhiri wangapi wa vyuo vya Afrika Mashariki wanaomuuliza mwanafunzi kutoka Msambweni kuhusu kile alichokisikia kwao kabla hajafika chuoni? Na ni wanafunzi wangapi wanaokificha, kwa kudhani kwamba tasnifu ya Kiswahili haina budi kuanza na riwaya iliyochapishwa?

Hapa msomaji anaweza kusema kwamba mambo ya piano ni ya mbali. Si ya mbali sana. Tango ilikwisha kuufikia mwambao huu zamani, ingawa haikuja kwa njia ya moja kwa moja. Ilipitia Kairo. Mohamed Abdel Wahab, mtunzi mkuu wa Misri, aliingiza midundo ya tango na rumba katika nyimbo zake, na Farid al-Atrash, mzaliwa wa Syria aliyevuma Misri, aliimba tango kwa Kiarabu katika filamu ya mwaka 1947. Filamu za Misri zilitazamwa kwa hamu Unguja na Mombasa, na waimbaji wa taarabu walizichukua tuni zake, wakazivika maneno ya Kiswahili. Aliyewahi kusikia okestra ya taarabu ya Unguja, pamoja na fidla zake na akodiani yake, amekwisha kusikia binamu wa okestra ya tango, hata kama hakutambulishwa.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Neno kinanda limebeba mizigo mingi. Lamu lilitaja chombo cha nyuzi cha mababu na muziki uliopigwa kwacho. Baadaye likataja chombo cha kupigia nyimbo kanisani. Likataja hata gramafoni. Na leo linaweza kutaja piano. Waswahili hawakuona haja ya kujenga ukuta kati ya vyombo hivyo. Mombasa nako taishokoto, chombo chenye vibonyezo na nyuzi ambacho asili yake ni Japani, kiliingia katika taarabu na chakacha, na katika nyimbo za Zuhura Swaleh kikasikika kana kwamba kilizaliwa Majengo. Kwa hiyo swali la iwapo ala ya kigeni inaweza kuitumikia ngoma ya nyumbani lilikwisha kujibiwa na wapigaji wenyewe. Lililobaki ni swali la wasomi.

Basi na tuelekezwe macho pwani ya kusini. Kaunti ya Kwale ni nchi ya Wadigo na Waduruma, na pia ya Waswahili wa Vanga, Wasini na Shimoni. Miongoni mwa ngoma za Wadigo na Waduruma, sengenya ndiyo inayojulikana zaidi nje ya Kwale: ngoma za ukubwa mbalimbali zikipishana na kujibizana, upatsu ukigongwa bila kuchoka, na nzumari ikipaa juu ya vyote. Jina lenyewe linamkumbusha msomaji kitenzi cha Kiswahili kusengenya, na si ajabu, kwa kuwa nyimbo za ngoma pwani aghalabu husema yale ambayo mchana hayasemwi. Ni fasihi iliyokamilika. Ina mtunzi, ina hadhira, ina mafumbo, ina uhakiki wa papo kwa hapo: wimbo usiopendeza hauitikiwi.

Fasihi hiyo inahifadhiwa wapi leo? Hasa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni hoteli za Diani. Humo ngoma huchezwa wakati wa chakula cha jioni, ikiwa imefupishwa, mbele ya watazamaji wasiojua lugha, na kwa hiyo mafumbo yake hayana wa kuyafumbua. Wachezaji hawastahili lawama. Wanatafuta riziki halali. Lakini ngoma inayotegemea jicho la mgeni hulala mgeni asipokuja. Baada ya ghasia za Likoni za mwaka 1997 watalii waliikimbia pwani ya kusini, na mwaka 2020 hoteli zilifungwa kwa ajili ya korona. Kila mara riziki ya wasanii ilikauka pamoja na ya wapishi na madereva. Mahali pa pili ni mashindano ya muziki ya shule. Haya yamefanya kazi njema, na ni haki kuyapongeza. Hata hivyo, wimbo wa mashindano hukaririwa kwa dakika zilizopangwa, mbele ya waamuzi, na baada ya kikombe kutolewa hurudishwa kabatini pamoja na mavazi.

Zaidi ya hapo kuna mahali pa tatu, nako ndiko kunakowahusu wasomaji wa jarida hili: kiambatisho cha tasnifu. Mwanafunzi wa Kiswahili husafiri mpaka kijijini, hukaa siku chache, hurekodi nyimbo, huzinukuu, huzitafsiri, kisha huzipanga nyuma ya tasnifu kwa nambari. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa saba. Katika sura ya nne huchambua takriri, istiari na dhamira. Tuni haimo. Mdundo haumo. Aliyeimba ameitwa mhojiwa. Ni kama mtu aliyealikwa karamuni akarudi na orodha ya vyakula. Kinachosikitisha ni kwamba mwanafunzi huyohuyo hufundishwa kila siku kwamba utendaji ndio roho ya fasihi simulizi. Hulikariri hilo katika mtihani, halafu hulikana katika utafiti.

Wala si fasihi simulizi pekee inayodhulumiwa hivyo. Ushairi wa Kiswahili ulizaliwa ukiimbwa. Mashairi ya Ahmad Nassir wa Mombasa yalifika majumbani kwa sauti ya ndugu yake, Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, kabla na hata zaidi ya kufika kwa vitabu. Msomi anayeuchambua ushairi huo bila kujua mahadhi yake anafanana na mtu anayelisoma jani la nota asijue linavyolia.

Pingamizi hazikosekani, na ni vyema zipimwe kwa haki. La kwanza ni kwamba ulinganisho huu si wa sawa. Buenos Aires ni jiji kubwa. Lilikuwa na kampuni za santuri, redio na kumbi za dansi zilizojaa kila usiku, na miji kama hiyo haipo Kwale. Ni kweli. Fedha na santuri ziliibeba tango. Lakini santuri hubeba kile kilichopo. Laiti Mendizábal asingeandika, na laiti Pugliese na Salgán wasingerudi na elimu yao, kampuni hizo zingetafuta kitu kingine cha kuuza. Na tena leo simu ya mkononi inafanya kazi ambayo zamani ilihitaji studio. Kikwazo cha vifaa kimepungua. Kikwazo cha nia kingalipo.

La pili ni kwamba nota huua. Husemwa kwamba sengenya haiwezi kufungwa katika mistari mitano ya Wazungu, na kwamba ikifungwa itabaki maiti. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa nota hazikubuniwa kwa ajili ya nzumari. Hata hivyo, tango nayo haikuishi ndani ya nota peke yake. Kila mpigaji aliongeza lake, na karatasi ilikuwa dira tu. Nota, rekodi na mwalimu aliye hai ni mafiga matatu. Kosa ni kukitegemea kimoja. Mwaka 2004 ilichapishwa Mgombato, kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili, na hakuna aliyedai kwamba Kidigo kilikufa kwa kuingizwa kitabuni. Ngoma inastahili heshima kama hiyo.

La tatu ni la kidini. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na wapo wanaoona kwamba ngoma, hasa zile zinazohusiana na pepo, hazipatani na imani yao. Rai hiyo inapaswa kuheshimiwa, na hakuna mzazi wa kulazimishwa kumpeleka mwanawe ngomani. Lakini wazee wa pwani wamejua siku zote kutofautisha baina ya ngoma na ngoma: ya arusi si ya kutibu, na ya kutibu si ya kujiburudisha. Mtafiti anayeyafahamu mapambanuzi hayo hatamkwaza mtu. Asiyeyafahamu ndiye huichanganya nyumba nzima.

La nne ndilo zito kuliko yote. Mapenzi ya msomi yanaweza kugeuka unyang'anyi. Historia ya tango ina doa hili. Kadiri ilivyopanda ngazi, ndivyo Waajentina weusi walivyozidi kufifia katika simulizi zake, mpaka vizazi vya baadaye vikashangaa kuambiwa kwamba watu hao waliwahi kuwapo. Wale waliotoa jina la ngoma hawakualikwa kwenye sherehe yake. Hatari hiyohiyo iko Kwale. Msomi anaweza kuandika kitabu kizuri juu ya nzumari, akapanda cheo, na mpiga nzumari akabaki na shukrani iliyoandikwa kwa maandishi madogo.

Lakini hata dawa ya doa hilo imo katika hadithi ya tango. Pugliese aliiendesha okestra yake kwa mtindo wa ushirika: mapato yaligawanywa miongoni mwa wapigaji kwa kipimo cha kazi ya kila mmoja, naye kiongozi akiwa mmoja wao. Serikali ilipomfunga kwa ajili ya siasa zake, wenzake waliendelea kupiga na kuweka ua jekundu juu ya piano isiyo na mpigaji. Watu hawamwekei ua mtu aliyewaibia. Kwa hiyo mapenzi yanayotetewa hapa yana masharti: wenye ngoma watajwe kwa majina yao pale wanaporidhia, walipwe, na wapate nakala ya kilichochukuliwa kwao.

Masharti hayo yakikubalika, yapo mambo matatu ambayo idara za Kiswahili zinaweza kuyafanya bila kusubiri fungu la serikali. La kwanza, tasnifu yoyote inayokusanya nyimbo isipokewe bila rekodi ya sauti, na nakala ya rekodi hiyo iachwe katika shule ya kijiji ilikotoka. Mtoto wa Msambweni asilazimike kupanda basi hadi Nairobi ili amsikie bibi yake. La pili, idara za Kiswahili na za muziki, ambazo katika vyuo vingi hutenganishwa na ua mmoja tu, zisimamie kwa pamoja tasnifu za aina hii. Mwenye lugha atazame fumbo; mwenye nota atazame mdundo. La tatu, ambalo ni gumu zaidi, mtafiti ajifunze kabla ya kukusanya. Akae na mpiga ngoma muda wa kutosha hata aweze kuitikia bila kukosea. Ajue kuushika upatsu. Mpiga piano wa tango hakuwa mtu aliyeitazama dansi kwa mbali akiwa na daftari; alikuwa amekaa katikati yake, usiku baada ya usiku, mpaka wachezaji wakamwamini.

Huenda ikasemwa kwamba hayo ni mengi mno kwa mwanafunzi wa uzamili mwenye miaka miwili na mfuko mtupu. Na yapunguzwe basi, lakini yasifutwe. Wimbo mmoja uliojifunzwa vizuri, pamoja na tuni yake na jina la mwenyewe, una faida kuliko nyimbo 40 zilizopangwa kiambatishoni kama vibao vya makaburi.

Huko Kinondo, msitu wa kaya ungali umesimama umbali mfupi kutoka hoteli za Diani, ukiwa miongoni mwa misitu ya Wamijikenda iliyotangazwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Miti inalindwa kwa sheria na kwa miiko. Sauti za watu waliotokana na kaya hizo hazilindiki kwa urahisi namna hiyo. Zinategemea zaidi kumbukumbu za wazee. Sahihi ya A. Rosendo iliachwa nusu kwa sababu mwalimu wa piano alionea haya alichokipenda. Mwanafunzi wa Kiswahili wa leo hana sababu ya kuona haya hiyo. Anachohitaji ni mhadhiri wa kumuuliza, kama Boulanger alivyouliza, kwao hupigwa nini. Na baada ya kuuliza, anyamaze asikilize.